Subira kwa kocha wa kikapu chuoni: dhana potofu na ukweli

Watanzania wengi tuliijua UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut cha Marekani, kwa sababu ya Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye futi 7 na inchi 3 aliyecheza pale kuanzia 2006 hadi 2009 chini ya kocha Jim Calhoun. Nabaki na chuo hicho hicho, maana historia yake inajibu karibu kila hoja ninayoisikia mashabiki wakitaka kibarua cha kocha kiote nyasi.

Dhana: Kocha mwenye uwezo huonekana msimu wa kwanza.

Calhoun alifika 1986. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 9, akafungwa 19. Mwaka 1990 alibakiza hatua moja tu kuingia nusu fainali ya taifa, akaangushwa kwa pointi 1 na mtupo wa mwisho wa Christian Laettner wa Chuo Kikuu cha Duke katika muda wa nyongeza. Nusu fainali yenyewe hakuionja hadi 1999, msimu wake wa 13, na mwaka huo huo akabeba ubingwa kwa kuifunga Duke 77-74. Shabiki aliyemhukumu kwa zile mechi 19 angekuwa amemtimua kocha aliyeacha makombe matatu.

Dhana: Bingwa akiyumba, ujue ameishiwa.

Hapa Thabeet mwenyewe ni shahidi. Alipoingia, Calhoun alikuwa tayari na ubingwa wa 1999 na 2004, lakini wachezaji 5 wa kikosi chake walikuwa wametoka kuchaguliwa na timu za NBA kwa mkupuo, mwaka huo mmoja wa 2006. Kilichobaki ni vijana wabichi. Walishinda 17, wakafungwa 14, wasialikwe hata kwenye mashindano ya taifa. Msimu wa pili waliingia, wakatolewa na San Diego mechi ya kwanza kabisa, 70-69. Msimu wa tatu vijana wale wale, sasa wamekomaa, walishinda 31 na kufika nusu fainali. Kocha hakubadilika, waliokua ni wachezaji.

Thabeet akaenda NBA, timu ikashuka tena hadi ushindi 18 na vipigo 16. Mwaka uliofuata, 2011, ilimaliza ligi yake ya Big East ikiwa na ushindi 9 na vipigo 9. Kisha ikaingia ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwa mtoano wa ligi hiyo, ikacheza mechi 5 kwa siku 5. Dhidi ya Pittsburgh matokeo yalikuwa sare, sekunde zinayoyoma. Kemba Walker akamkabili beki mrefu kuliko yeye, akasukuma mpira mbele, akarudi nyuma ghafla. Yule beki akaanguka sakafuni, Walker akatupa, ikawa 76-74. Walishinda zote 5, wakaongeza 6 za mashindano ya taifa, na Calhoun akawa bingwa kwa mara ya tatu akiwa na miaka 68.

Dhana: Kipimo cha kocha ni mwezi Machi.

Mashindano ya taifa, yanayoanza Machi, ni mtoano wa timu 68. Ukiteleza dakika kumi, umefungasha virago. Dan Hurley, aliyekuja kuifundisha UConn miaka ya baadaye, alitolewa mechi ya kwanza mwaka 2021, akatolewa tena mechi ya kwanza 2022. Kwenye vipigo vyote viwili alikuwapo Adama Sanogo kutoka Mali. Mwaka 2023 Sanogo alichaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho na UConn ikawa bingwa. Mwaka 2024 ikatetea taji. Katika mechi zote 12 za mataji hayo mawili, hakuna ambayo UConn ilishinda kwa tofauti ya chini ya pointi 13.

Dhana: Kombe ni kinga ya milele.

Sikubali hili pia. Kevin Ollie, kocha wa UConn baada ya Calhoun na kabla ya Hurley, alitwaa ubingwa 2014, msimu wake wa pili. Msimu uliomalizika 2017 vipigo vilizidi ushindi, jambo lililokuwa halijatokea tangu mwaka ule wa kwanza wa Calhoun. Uliofuata ulikuwa mbaya zaidi, 14 kwa 18, akafukuzwa. Kwa maoni yangu, kocha mgeni apewe miaka minne, muda wa kawaida wa shahada ya kwanza huko Marekani. Bingwa wa jana anayefululiza misimu miwili yenye vipigo vingi kuliko ushindi lazima aulizwe, na jibu litafutwe kwenye kikosi: vijana wanakua, au wamesimama pale pale? Lakini kufukuza nako kuna bei. Chuo kiligoma kumlipa Ollie fedha za mkataba zilizobaki, na mwaka 2022 msuluhishi akaamuru alipwe zaidi ya dola milioni 11.

Dhana: Akishinda, mengine tumwachie.

Calhoun ninayemsifu hapa alisimamishwa mechi 3 kwa makosa ya programu yake katika kusajili mchezaji. Na kwa kuwa alama za masomo za wachezaji wa miaka ya nyuma zilikuwa chini mno, timu ilifungiwa mashindano ya 2013. Vijana wa msimu huo walishinda mechi 20 wakijua tangu mwanzo kwamba Machi wataitazama kwenye televisheni.