Je, simu inaweza kumwambia mwanamazingaombwe unachowaza?

Mwanamazingaombwe anamwita mtazamaji jukwaani, anamwomba amkumbuke rafiki wa utotoni ambaye hajamtaja kwa miaka mingi, kisha anaanza kulitamka jina herufi kwa herufi. Katika umati kuna atakayesema ni majini. Wengi zaidi siku hizi watasema ni simu: kuna programu inayosikiliza, kuna kamera inayosoma uso, kuna akili bandia inayokisia.

Hilo la simu lina ukweli, ila ukweli wenyewe umewekwa mahali pasipo pake. Vifaa vya kielektroniki vipo na vinatumika sana katika mazingaombwe ya kusoma mawazo. Lakini hakuna hata kimoja kinachochota wazo kichwani mwa mtu. Kila kifaa, kiwe cha bei gani, husubiri kwanza wazo lipate umbo nje ya kichwa: liandikwe kwenye karatasi, lichapwe kwenye simu, litamkwe, au ligeuke kuwa karata ambayo mtazamaji ameichagua kwa mkono wake. Wazo ambalo halijatoka kwa njia yoyote kati ya hizo liko salama kabisa mbele ya simu.

Dhana ya kwamba simu inasoma ubongo inafaa kuondolewa kwa ushahidi. Mei 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha jaribio la kutafsiri shughuli za ubongo kuwa maneno. Walitumia mashine ya MRI, ile kubwa ya hospitali ambayo mgonjwa huingizwa ndani yake akiwa amelala. Kila mshiriki alilala humo kwa jumla ya saa 16 akisikiliza simulizi, ili kompyuta ijifunze ubongo wake yeye. Hata baada ya hapo, kilichopatikana kilikuwa kiini cha habari, mara nyingi si maneno yenyewe. Kompyuta iliyojifunza ubongo wa mtu mmoja haikufaa kwa mwingine, na mshiriki alipoamua kuhesabu namba au kujisimulia hadithi nyingine kimoyomoyo, jaribio lilivurugika. Huo ulikuwa miongoni mwa uwezo wa juu kabisa uliofikiwa wakati huo bila kupasua kichwa, na ulihitaji mashine ya kujaza chumba na mtu aliyekubali kushirikiana. Simu iliyo mfukoni mwa koti haina hata mlango wa kuingilia huko.

Basi kifaa kinafanya nini? Kazi yake ni ya basi linalobeba kifurushi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Basi halijui kilichomo na halikukitengeneza. Mtu wa Mbeya ndiye aliyefunga, karani wa ofisi akapokea na kuandika, kondakta akabeba, na mwenyeji wa Dar akafungua. Katika mazingaombwe, anayefunga kifurushi ni mtazamaji mwenyewe. Watu wanaotafuta siri huchungulia basi: wanamkagua mwanamazingaombwe masikioni, wanataka kuona mifuko yake. Siri kubwa zaidi ilikuwa pale kwenye kaunta, dakika ambayo kifurushi kilipokelewa bila mtumaji kuhisi kwamba amekabidhi kitu. Ndiyo maana maneno kama "andika tu, usije ukasahau" au "mwonyeshe jirani yako ili awe shahidi" yana uzito kuliko betri na nyaya zote. Yanasemwa kwa upole, kama jambo la utaratibu, na baada ya robo saa mtazamaji ataapa kwamba hakuandika popote.

Kisa kinachoonyesha hili waziwazi kilitokea Marekani mwaka 1986, na hakikuwa cha mazingaombwe ya burudani. Mhubiri wa televisheni Peter Popoff alikuwa akisimama mbele ya maelfu ya watu na kuwaita wagonjwa kwa majina, akitaja maradhi yao na hata mitaa wanayoishi, akisema amefunuliwa. James Randi, mwanamazingaombwe mzaliwa wa Kanada aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza madai ya aina hiyo, alituma watu wake kwenye mikutano. Waligundua kwamba kabla ya ibada waumini walikuwa wakijaza kadi za maombi, na kwamba mke wa mhubiri, Elizabeth, alikuwa akizunguka ukumbini akizungumza na watu. Hapo ndipo kifurushi kilipopokelewa.

Kilichobaki kilikuwa usafiri tu. Mtaalamu wa vifaa vya kielektroniki aliyeshirikiana na Randi alileta redio ya kuchakura masafa, akapekua moja baada ya jingine mpaka akakuta sauti ya mwanamke kwenye megahezi 39.17. Redio ya kawaida ya nyumbani isingeweza kuipata, kwa sababu masafa ya FM huanzia karibu na 88, lakini mawimbi hayo hayakuwa yamefichwa kwa njia yoyote. Mwenye chombo sahihi angeyasikia. Elizabeth alikuwa nje ya ukumbi ndani ya trela, akitazama runinga na kusoma kadi, na mumewe alikuwa na kidude kidogo sikioni. Katika rekodi moja anasikika akimwamkia mumewe kwa jina la mapenzi, akimuuliza kama anamsikia, na kumwambia kwamba kama hasikii basi yuko matatani. Randi aliipeleka rekodi kwenye kipindi maarufu cha usiku cha Johnny Carson. Watazamaji walioneshwa kwanza huduma kama ilivyorushwa, kisha ile ile ikiwa na sauti ya trela. Mwaka uliofuata Popoff aliomba kutangazwa mufilisi, ingawa baadaye alirudi kwenye televisheni.

Kuna jambo katika kisa hicho ambalo mimi huliona kuu kuliko redio yenyewe. Katika mkutano mmoja, timu ya Randi ilimpeleka mwanamume aliyevaa kama mwanamke, akiwa amejaza taarifa za uongo. Popoff alimtangazia kwamba amepona saratani ya mfuko wa uzazi. Kama kweli kungekuwa na ufunuo, au hata kifaa kinachosoma mtu, kosa hilo lisingetokea. Kifaa kilifikisha kwa uaminifu kile kilichoandikwa kwenye kadi, na kadi ilikuwa imeandika uongo.

Kidude cha sikioni chenyewe kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndicho kinachotajwa sana na kueleweka kidogo. Aina inayofichika zaidi haina waya wala antena inayoonekana. Chini ya shati, shingoni, mtu huvaa mkufu wa waya wa shaba. Simu au redio iliyo mfukoni hupitisha umeme wa sauti kwenye mkufu huo. Umeme unapopanda na kushuka kwa mwendo wa sauti, mkufu huzungukwa na nguvu ya sumaku inayopanda na kushuka vilevile. Ndani ya sikio kuna koili ndogo ambayo, kila sumaku inapobadilika, hupata umeme mdogo, na umeme huo hugeuzwa tena kuwa sauti. Ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo inayowawezesha wenye vifaa vya kusaidia usikivu kusikiliza mahubiri au sinema katika kumbi zilizotandazwa waya wa aina hiyo. Sauti haipigi kelele nje. Aliyekaa kiti cha jirani hasikii kitu. Udhaifu wake ni kwamba mwenye kuvaa lazima asikilize huku akizungumza, na kusikiliza huku unazungumza huonekana usoni. Macho hutulia, sentensi hukatika katikati, jibu huchelewa.

Kwa sababu hiyo wengi wamehamia kwenye mtetemo. Kisanduku kidogo hufungwa pajani au kufichwa ndani ya soksi, na msaidizi aliyekaa ukumbini hubonyeza kitufe. Chukua mfano wa karata. Shupaza ipewe mtetemo mmoja, kopa miwili, uru mitatu, pau minne. Kisha thamani: mtetemo mrefu uhesabiwe tano na mfupi moja. Saba ya kopa inakuwa mitetemo miwili, kituo kidogo, halafu mmoja mrefu na miwili mifupi. Hata mfalme, ambaye ni wa 13, anahitaji mirefu miwili na mifupi mitatu tu, na hakuna karata kati ya zote 52 inayozidi mitetemo tisa. Mguu unahesabu huku mdomo ukiendelea na porojo, na uso haubadiliki.

Msaidizi naye anaweza kuondolewa. Chipu nyembamba ya masafa ya megahezi 13.56, ya jamii moja na iliyomo kwenye kadi za benki za kugusa, inaweza kupachikwa ndani ya karata. Haina betri; hupata nguvu kutoka kwa kisomaji kilichofichwa chini ya kitambaa cha meza, na hufanya kazi kwa umbali wa sentimita chache tu. Mtazamaji akiweka karata kifudifudi mahali alipoelekezwa, kisomaji hutambua ni ipi na kutuma mtetemo. Umuhimu wa "mahali alipoelekezwa" ni huo.

Tukirudi kwenye simu, njia mbili ndizo zinazofaa kujulikana. Ya kwanza ni ya utabiri. Mwanamazingaombwe anaweka simu mezani akisema jibu limeshaandikwa humo, mtazamaji anataja chaguo lake, simu inageuzwa na jibu lipo. Kioo cha simu kimegawanywa katika sehemu zisizoonekana, na namna anavyoigusa wakati wa kuichukua huiambia programu ionyeshe jibu gani. Utabiri umeandikwa sekunde moja baada ya swali kujibiwa.

Ya pili inahusu simu yako mwenyewe. Unaombwa kufungua ukurasa wa kutafutia habari na kuandika kitu chochote, labda twiga. Ukurasa huo unafanana kabisa na ule uliouzoea, lakini umetengenezwa na mwanamazingaombwe au na aliyemuuzia programu. Ukurasa wowote wa mtandaoni unaweza kutuma kila herufi unayoigusa kabla hujabonyeza kitufe cha kutafuta, kisha ukakupeleka kwenye matokeo halisi yenye picha za twiga. Wewe huoni dosari yoyote. Yeye tayari ana t, w, i, g, a. Wezi wa akaunti za benki na pesa za simu hutumia kurasa bandia kwa kanuni hiyo hiyo, na kwangu hii ndiyo sehemu ya somo hili yenye manufaa nje ya ukumbi: kufanana kwa ukurasa hakuthibitishi chochote; anwani iliyo juu yake ndiyo ya kusomwa.

Ushahidi mzuri zaidi kwamba kifaa si lazima unatoka nyakati ambazo vifaa hivi havikuwapo. Mwaka 1846 mjini Paris, Jean-Eugène Robert-Houdin, aliyekuwa fundi saa, alianza kuonyesha jinsi mwanawe Émile, akiwa amefungwa macho, alivyotaja vitu ambavyo baba aliviinua mikononi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Julius Zancig na mkewe Agnes walijaza kumbi za London kwa mchezo wa namna hiyo, na Arthur Conan Doyle, daktari na mwandishi mashuhuri, aliamini wana uwezo wa kweli. Julius mwenyewe baadaye alieleza kwamba ilikuwa lugha ya mafumbo iliyofanyiwa mazoezi mengi: namna ya kuuliza swali ilibeba jibu. Mwaka 1949 wanandoa kutoka Australia, Sydney na Lesley Piddington, walionyesha mchezo wa kusoma mawazo kupitia redio ya BBC; safari moja Lesley alikuwa ndani ya ndege angani.

Wanamazingaombwe wengi wa leo bado wanatembea na penseli na karatasi kwa sababu za kawaida sana. Betri huisha. Masafa ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na Bluetooth na Wi-Fi husongamana ukumbini penye simu mamia, na miili ya watu hufyonza sehemu ya mawimbi hayo, kwa hiyo kilichofanya kazi vizuri mchana ukumbi ukiwa mtupu kinaweza kukwama usiku ukijaa.

Hata pale ambapo kila kitu kimefanya kazi, taarifa ikifika kamili huleta tatizo jipya. Mtu anayetaja jina lote kwa mkupuo mmoja anaonekana kama anasoma mahali. Hivyo, aliyepokea jina Rehema kupitia mtetemo au kioo cha simu ataanza na kusitasita: ni mwanamke, kuna herufi a mwishoni, si Fatuma, hapana, ni jina fupi kidogo… la, si fupi. Atakosea kwa makusudi mara moja, atajirekebisha, atamtazama mtazamaji machoni. Kifaa kimemaliza kazi yake dakika tatu zilizopita. Hizo dakika tatu ni za mazoezi, na hakuna programu inayouza hizo.