Je, wajua kwa nini nyumba za Ottumwa ni za bei ya chini, lakini kupata pa kuishi ni shida?

Ukitafuta mtandaoni nyumba zinazouzwa Kaunti ya Wapello, kusini-mashariki mwa jimbo la Iowa, Marekani, utakuta si chache ziko chini ya dola 120,000. Aliyezoea bei za Chicago atadhani amesoma vibaya. Lakini mtu huyohuyo akipata kazi Ottumwa, makao makuu ya kaunti, huenda akakaa kwa jamaa miezi kadhaa akitafuta nyumba ya kupanga iliyo katika hali nzuri. Mambo haya mawili yana chanzo kimoja: nyumba iliyopo inauzwa kwa bei ndogo kuliko gharama ya kujenga mpya.

Chukua hesabu ya mfano. Nyumba ndogo ya futi za mraba 1,200, ikijengwa kwa dola 190 kila futi, inafika dola 228,000 kabla ya kiwanja. Mnunuzi anaomba mkopo, benki inatuma mthamini. Mthamini hana haja na risiti za mjenzi. Anachotazama ni nyumba za aina hiyo zilizouzwa karibu hapo siku za nyuma. Akiandika 170,000, benki inakopesha kwa kipimo hicho, na dola 58,000 zilizobaki lazima mtu azitoe mfukoni. Mnunuzi hana, mjenzi hakubali hasara, kiwanja kinaota nyasi.

Bei zilishuka hivyo kwa sababu watu waliondoka. Mwaka 1960 Ottumwa ilikuwa na wakazi karibu 34,000. Kiwanda cha nyama cha John Morrell kilichoulisha mji kikafungwa mwaka 1973, na sensa ya 2020 ikahesabu watu 25,529. Leo mwajiri mkubwa ni kiwanda cha nyama ya nguruwe cha JBS, na John Deere, kampuni ya mashine za kilimo, hutengeneza hapo mashine za kufunga nyasi kavu za mifugo. Kazi hizo zimeleta watu wa Amerika ya Kati, wa visiwa vya Pasifiki na Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na wote wanagombania nyumba zilezile zilizoachwa na kizazi cha Morrell.

Hapo ndipo bei ya chini inapoanza kudai chake. Nyumba nyingi zina umri wa miaka 80 au 100. Kabla ya kusaini chochote, shuka chumba cha chini ya ardhi ukiwa na tochi. Ufa wa kulala, katikati ya ukuta wa matofali, na ukuta wenyewe ukiwa umebonyea ndani, maana yake udongo wa mfinyanzi ukilowa unausukuma. Kuurekebisha kunaweza kula maelfu ya dola. Ufa mwembamba wa kusimama mara nyingi ni saruji iliyojikunja ilipokauka, si wa kukukosesha usingizi. Sumaku nayo ina kazi yake: ikinata kwenye bomba la maji la kijivu, hilo ni la chuma, na yale ya zamani huziba kwa kutu kutoka ndani. Pima pia radoni, gesi ya mionzi inayopenya kutoka ardhini, kwa sababu kaunti zote 99 za Iowa ziko katika daraja la hatari kubwa zaidi. Kipimo kikifika pikokuri 4 (kizio cha mionzi) kwa kila lita ya hewa, fundi huweka bomba na feni ya kuitoa nje.

Halafu kuna baridi. Nyumba ambayo kuta zake ni tupu ndani, bila kitu cha kuzuia joto lisitoke, huchoma gesi usiku na mchana Januari nzima. Familia iliyokubaliwa kwenye msaada wa serikali wa nishati haikatiwi gesi wala umeme kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 1. Wengi huelewa vibaya hapo: deni halisamehewi, linajikusanya tu, na Aprili linaweza kuja lote kwa mkupuo. Lipa kidogo kila mwezi hata kama hawawezi kukukatia.

Kwa wageni hatari kubwa kuliko zote ni kununua kwa mkataba wa awamu, bila benki. Mwenye nyumba anakuambia umpe dola 5,000 za kuanzia na 700 kila mwezi. Unapaka rangi, unabadilisha hita, lakini hatimiliki bado ni yake. Ukichelewa, sheria ya Iowa inamruhusu kukupa notisi ya siku 30, na usipolipa ndani ya siku hizo mkataba unavunjika, uliyolipa yanapotea, bila kesi mahakamani. Mkopo wa benki ukikushinda, kwa kawaida jambo hupita mahakamani na huchukua miezi. Ukiwa na kipato kidogo, uliza kwanza mkopo wa nyumba wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa maeneo ya vijijini: hauhitaji malipo ya awali, na kwa wanaostahili riba inaweza kushushwa hadi asilimia 1. Ikibidi uchukue mkataba wa awamu, hakikisha mkataba wenyewe umesajiliwa kwenye ofisi ya kaunti, na uulize huko kama kodi ya majengo inadaiwa. Kodi hiyo hulipwa mara mbili, Septemba na Machi, na hutozwa kwa chini ya nusu ya thamani iliyokadiriwa.

Mbele kukoje? Kazi zipo, ila zimeshikwa na mikono michache. Wakulima wakipata kidogo kwenye mahindi na soya, hawanunui mashine. Mwaka 2024 Deere ilipunguza mamia ya wafanyakazi Iowa. Juni mwaka huohuo kampuni ya nyama ya Tyson ilifunga kiwanda cha nyama ya nguruwe huko Perry, Iowa, mji wa watu wapatao 8,000, na karibu 1,300 wakakosa kazi. Mume na mke wanaofanya kazi kiwanda kimoja wakope kiasi ambacho mshahara wa mmoja wao unaweza kukilipa.