Kwamba «alikula mwenyewe» hakumwondolei mzazi wajibu

Wapo wazazi, hapa Mwanza na kwingineko, wanaoamini kwamba mtoto mdogo akila bangi kwa bahati mbaya, mzazi hana la kujibu kwa kuwa hakumlisha. Si kweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya kutelekezwa na hatari za kimwili, na bangi iliyoachwa mkono wa mtoto unapofika ni hatari hiyo hasa, mbali na kosa la kuwa nayo. Nayo maziwa, tiba ya kila jirani, hayaiondoi bangi mwilini. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, hata kabla hajaanza kusinzia, na daktari aelezwe wazi alichokula, kwani usingizi ule mzito waweza kudhaniwa kuwa malaria kali.