Kilo moja mkiani: kwa nini glaida hupimwa upya baada ya ukarabati

Glaida, yaani ndege zisizo na injini zinazoelea kwa hewa inayopanda, nyingi zinazoletwa karakanani kwetu hapa Ujerumani zimeumia shambani. Hewa inayopanda imemwishia rubani, anatua kwenye ngano, ncha ya bawa inanasa mimea na ndege inazunguka ghafla. Rubani anatoka mzima, ila mkia umekatika.

Kuuunga kunawezekana kabisa. Tunapiga msasa kingo zilizovunjika mpaka ziwe na mteremko mrefu, tunalaza tabaka za fibaglasi na resini, tunazipasha joto zikomae, kisha rangi. Nguvu zake hurudi. Kinachonishughulisha zaidi ni uzito ulioongezeka, hata uwe mdogo, kwa sababu umeongezeka mahali pabaya kuliko pote.

Chukua mfano wa glaida ya kiti kimoja yenye kilo 250 ikiwa tupu. Mahesabu huanzia kwenye alama moja, mara nyingi ukingo wa mbele wa bawa pale linapoungana na kiwiliwili. Tuseme kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ndege tupu ingesimama sawa bila kuinama mbele wala nyuma, kiko milimita 600 nyuma ya alama hiyo, kikomo cha nyuma kinachoruhusiwa angani ni milimita 400, na rubani hukaa milimita 500 mbele ya alama. Rubani ndiye anayekivuta kitovu mbele, na hapa anatakiwa awe na angalau kilo 56 hivi. Sasa ongeza kilo moja ya fibaglasi na rangi mita 4 nyuma ya alama. Ukipima kutoka kwenye kikomo, kilo hiyo ina mkono, yaani umbali, wa milimita 3,600. Rubani ana milimita 900 tu. Kwa hiyo kilo moja mkiani inadai kilo 4 kitini, na kiwango cha chini kinapanda hadi kilo 60.

Anayebeba hatari hiyo ni rubani mwepesi. Huku Ulaya mwanafunzi anaweza kuruhusiwa kurusha glaida peke yake akiwa na miaka 14, na wapo wengi wa umri huo wasiofika kilo 60. Kitovu kikipita kikomo cha nyuma, pua hupanda na kushuka kwa mguso mdogo tu wa fimbo ya kuongozea, na ndege ikianza kuanguka huku ikizunguka huenda isitoke tena. ASK 21, glaida ya mafunzo ya viti viwili, inataka angalau kilo 70 kiti cha mbele. Asiyefika hufungiwa vipande vya madini ya risasi ili kuongeza uzito mbele. Mkufunzi wa nyuma hasaidii sana, maana amekaa karibu na kitovu chenyewe.

Ndiyo maana mahesabu ya karatasi peke yake siyakubali baada ya ukarabati mkubwa. Milango ya banda inafungwa, kwani hata upepo mdogo juu ya mabawa hudanganya mizani. Mizani moja chini ya gurudumu kuu, nyingine chini ya mkia. Ndege inasawazishwa kama kitabu chake kinavyoagiza, timazi inashushwa kutoka ukingo wa bawa hadi sakafuni, umbali unapimwa hapo. Vifaa vilivyo ndani vilingane na orodha. Betri iliyosahaulika mkiani inaharibu kazi nzima.

Risasi puani hurekebisha kitovu, lakini si bure. Kiwiliwili, mkia na watu vyote hubebwa na mabawa, na jumla yao ina kikomo chake.

Usukani wa mkia uliopakwa rangi upya nauondoa na kuupima peke yake kwenye bawaba zake. Rangi ikiwa nzito nyuma ya bawaba, usukani unaweza kuanza kupigapiga kwa kasi kubwa hadi ukavunjika. Ukizidi kipimo, rangi inatolewa kwa msasa. Mwisho nabandua kile kibandiko cha zamani mbele ya rubani, nabandika kipya chenye kiwango kipya cha chini cha uzito wa rubani, na kiwango hichohicho nakiandika kwenye kitabu cha ndege.