Basari hulipa karo, si nauli ya boti

Wazazi wengi wa Faza, Siyu na Kizingitini, kisiwani Pate huko Lamu, Kenya, huamini kuwa mtoto akishapata basari, yaani msaada wa fedha za masomo, nauli ya kumfikisha shuleni imo humo humo. Si ajabu kuwaza hivyo: kwa anayeishi kisiwani, boti hadi gati ya Mokowe kisha basi la bara ni gharama ya shule kama daftari lilivyo.

Kwa kawaida, hata hivyo, hundi ya basari ya serikali huandikwa kwa jina la shule na kuingizwa kwenye karo ya mwanafunzi. Haipiti mkononi mwa mzazi. Mpango wa elimu bila malipo katika sekondari za kutwa, ulioanza 2008, nao hulipia masomo. Safari imebaki kwa mzazi.

Isome fomu kabla ya kutia saini uone kama inataja karo pekee. Kisha muombe mhasibu wa shule taarifa ya karo ya mwanao, na risiti ya kilichoingia. Wafadhili binafsi ni habari nyingine: wako wanaolipa nauli pia, ila hilo liwe limeandikwa kwenye barua yao, lisiwe la kusikia bandarini.