Je, wajua kwa nini kamera ya mwongozaji filamu Ozu ilikaa chini kama mgeni mkekani?

Mzazi akishuka kwenye meli ya kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, pale Mwanza na unga wake wa muhogo, akapanda mawe hadi chumba cha mwanawe Igogo au Mabatini, hutandikiwa mkeka. Chumba kimoja cha kupanga hakina nafasi ya viti vya ukoo mzima. Nami nilikuwa mkekani hivyo hivyo nilipoitazama filamu Tokyo Monogatari, yaani Hadithi ya Tokyo, na haikupita muda nikahisi kwamba watu wa kwenye filamu wamekaa pamoja nami. Sikuwa nawachungulia utosini. Nani aliwaweka pale?

Ni mwongozaji Yasujirō Ozu wa Japani, mwaka 1953. Filamu haina rangi, haina fujo, na ina zaidi ya saa mbili. Wazee wawili wanatoka Onomichi, mji wa bandari ambao nyumba zake zimeparamia mlima huku boti zikinguruma chini (mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa zaidi), wanakwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Mmoja ni daktari, mwingine ana saluni, na kazi zimewabana. Anayewapokea kwa moyo ni mkwe wao Noriko, mjane wa mwana wao aliyepotelea vitani, anayeishi chumba kimoja katika jengo la wapangaji. Hana pombe ya mchele ya kuwakirimu wakwe, kwa hiyo anagonga kwa jirani kuazima. Anarudi, kisha anakwenda tena, maana hata vyombo vya kunywea hana. Naipenda sana sehemu hiyo. Yeyote aliyewahi kuazima jagi na vikombe mlango wa pili kwa sababu wageni wamefika bila taarifa ataielewa bila tafsiri.

Sasa, kamera. Katika nyumba nyingi za Kijapani za wakati ule watu walikaa, walikula na kulala juu ya mikeka minene iitwayo tatami. Ukimpiga picha mtu aliyekaa chini huku wewe umesimama, sakafu inajaa kwenye picha na yeye anaonekana mdogo, kama anayehojiwa. Jaribu kwa simu: mpige bibi akichambua dagaa ukiwa wima, kisha weka simu karibu na sakafu. Katika picha ya pili sakafu imenywea na bibi ameinuka, ana kimo chake.

Ozu na mpiga picha wake, Yuharu Atsuta, walishuka hata chini ya macho ya mtu aliyekaa, na kwa kawaida walitumia lenzi moja tu, ya milimita 50, ambayo haivuti vitu karibu wala haipanui chumba. Cha kufurahisha ni kwamba chanzo hakikuwa falsafa. Ozu aliwahi kusimulia kuwa mwaka 1928 walikuwa na taa chache, zikihamishwa kila picha, nyaya zikajaa sakafuni. Badala ya kuziondoa kila mara, wakaishusha kamera na kuielekeza juu kidogo ili nyaya zisionekane. Alipoona matokeo akayapenda, na hakuacha tena kuishusha kamera hadi alipofariki mwaka 1963.

Lakini kimo peke yake hakitoshi. Katika Tokyo Monogatari kamera karibu haisogei kabisa. Imekaa, inasubiri watu waingie na kutoka, kama mama mkwe ambaye hawezi kuzurura kwenye chumba cha watu. Na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mwanzoni mwa filamu wazee wanafunga mizigo, wamekaa sakafuni sambamba, jirani anawasalimu dirishani. Baada ya safari mama anafariki. Mwishoni tunarudi chumba kile kile, kamera chini vile vile, na jirani yule yule anapita dirishani. Baba amekaa mahali pake. Kwa kuwa kamera haikusogea kumfuata wala kumkaribia usoni, macho yako yanakwenda yenyewe upande wa pili wa mkeka, alipokuwa amekaa mkewe, na nje unasikia boti ikipita bandarini.