Gari kuchemsha: maana yake na namna ya kutafuta chanzo

Katika gereji za Tabora na Kigoma, dereva akisema gari lake "linachemsha" huenda anataja jambo lolote kati ya matatu yasiyofanana: mshale wa joto umepanda kupita pale ulipozoea kukaa, au maji yanatokota na kutoa mvuke, au maji yanapungua kila safari pasipo kuonekana yanakovujia. Kwa usahihi, kinachochemka ni maji. Injini yenyewe huzidi joto, na inaweza kuzidi joto kabla maji hayajaanza kutokota. Fundi anayeletewa neno hilo moja bila maelezo mengine hana budi kubahatisha, na anayelipia kubahatisha kwake ni mwenye gari.

Joto la kawaida la injini ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Takriban theluthi ya nishati ya mafuta yanayoungua huishia kwenye mfumo wa kupoza, na injini nyingi zimeundwa kufanya kazi maji yake yakiwa kati ya nyuzi 85 na 105 za Selsiasi. Mji wa Tabora uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kigoma, kando ya ziwa, huchemka kwenye nyuzi 97. Maana yake ni kwamba maji ya rejeta, yaani kile chombo cha mirija kinachoyapoza kwa hewa, lau yangekuwa wazi, yangetokota injini ikiwa katika joto lake la kila siku. Kinachoyazuia ni mfuniko wa rejeta, ambao springi yake huyabana kwa shinikizo la karibu baa moja juu ya lile la hewa, na yakibanwa hivyo hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Mpira wa mfuniko ukichakaa, maji hutokota mapema na kumwagikia kwenye chupa ya akiba ilhali kila kitu kingine ni kizima. Hiyo pia ndiyo sababu ya kutoufungua mfuniko injini ikiwa moto: shinikizo likiondoka ghafla, maji hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia anayefungua usoni.

Swali linalofaa kutangulia mengine yote ni hili: joto linapanda lini? Nililielewa vizuri kwenye stendi ya Urambo, wakati wa kiangazi, tulipokuwa tumesimama na basi dogo ambalo dereva wake alikuwa ameliongezea maji mara tatu tangu tulipotoka Tabora. "Fundi, mfuniko nimebadilisha, na themostati nimeshaitoa," alisema, akitaja kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto. Fundi hakugusa chochote kwanza. "Kaka, ukisimama bila kuzima, mshale unashuka au unazidi kupanda?" Dereva akajibu kwamba unashuka. Basi fundi akachukua bisibisi, akalegeza rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele ya rejeta ya maji, akaingiza vidole katikati ya hizo mbili, akavuta utando mzito wa mbegu za nyasi, vumbi na mabawa ya wadudu, umeshikamana kama jamvi. Barabara za vumbi zinazopita katikati ya nyasi ndefu hujaza pale mahali bila mtu kujua, kwa kuwa ukichungulia kwa mbele huoni kitu.

Jibu la dereva ndilo lililomwonyesha njia. Gari likisimama, injini haina kazi kubwa na joto lake ni dogo, hivyo feni inaweza kulimudu hata kama rejeta imeziba kwa sehemu. Joto linalopanda kwenye mwendo au mlimani na kushuka ukisimama huashiria rejeta iliyoziba nje au ndani, au pampu ya maji isiyosukuma vya kutosha. Kinyume chake, gari linalotulia barabarani na kupanda joto kwenye foleni linaonyesha feni: mota imekufa, fyuzi imekatika, au, kwa malori, klachi ya feni, inayoiunganisha na injini, inateleza.

Kuziba kwa ndani hutokana zaidi na maji tunayotia. Maji ya visima na hata ya Ziwa Tanganyika yana madini yaliyoyeyuka, na yanapopata moto huacha ukoko kwenye mirija myembamba ya rejeta kama ule wa ndani ya birika. Kulanti, yaani dawa ya maji ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji safi huzuia kutu na ukoko, nayo huongeza kiwango cha kuchemka.

Kuhusu themostati, sikubaliani na desturi ya kuitoa. Kazi yake ni kufunga njia mpaka maji yafikie nyuzi 82 au 88 hivi, kisha kuifungua. Katika injini nyingi huziba pia njia ya mkato ya kurudishia maji kwenye injini. Ukiitoa, sehemu ya maji hupita mkato huo bila kufika kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi. Themostati iliyokwama ikiwa imefunga hujulikana kwa mkono: injini imepata moto, mpira wa juu wa rejeta unaunguza, wa chini ni baridi.

Chanzo kizito kuliko vyote ni kuungua kwa gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku yake, na dalili zake hazingoji mwendo. Mpira wa juu hukakamaa dakika chache baada ya kuwasha injini iliyolala baridi, mapovu hutoka mfululizo kwenye rejeta, na oili inaweza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mara nyingi gasketi huungua kwa sababu dereva aliuamini mshale hadi mwisho. Sensa ya mshale hupima joto la maji. Maji yakiisha, inabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale unaweza kurudi upande wa baridi wakati hedi ya alumini inapinda. Mshale uliopanda kisha ukaanguka ghafla, gari likiwa bado linapanda mlima, ni amri ya kuzima injini hapo hapo.